Ripoti za bekapu zinapochelewa: mipangilio ya mashine pepe ya kugusa na ya kuacha

Ripoti ya bekapu ina saa yake. Ikifika alfajiri, msimamizi anaona ni kazi zipi zilianguka usiku, anazirudia kabla watu hawajaingia kwenye mifumo, na mambo yanaendelea. Ikifika saa nne, kazi iliyoanguka haiwezi tena kurudiwa bila kuwasumbua watumiaji, kwa hiyo inaachwa hadi usiku unaofuata, na kwa siku nzima kuna seva inayofanya kazi bila nakala ya karibuni. Tatizo likitokea mchana huo, data ya siku mbili imekwenda. Kwa hiyo ripoti inapochukua dakika arobaini kutoka, dakika hizo zina gharama halisi, na inafaa kuzitafutia dawa.

Dawa inayokimbiliwa na wengi ni kuiongezea nguvu mashine pepe inayotoa ripoti, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya seva halisi, ambayo huitwa seva mwenyeji: prosesa pepe kutoka 4 hadi 8, memori kutoka GB 16 hadi 32. Wakati mwingine husaidia. Mara nyingi hakuna kinachobadilika, na zipo nyakati ambapo ripoti huzidi kuchelewa baada ya kuongezewa. Msimamizi anabaki ameduwaa, kwa sababu grafu ndani ya mashine yenyewe inaonyesha prosesa imetumika asilimia 20 tu na memori ya bure ipo.

Ninachotaka kueleza hapa ni hiki: programu ya ripoti za bekapu ni nadra kukosa nguvu. Inachofanya kwa sehemu kubwa ya muda ni kusubiri, na karibu kila mpangilio wa mashine pepe unahusu mojawapo ya foleni inazosubiria. Ukijua iko foleni gani, unagusa mpangilio mmoja au miwili. Usipojua, unagusa kumi na kubahatisha.

Kazi yenyewe ni ndogo kuliko inavyoonekana

Ukiondoa kurasa zake nzuri na chati za rangi, programu hii ina kazi mbili. Usiku inakusanya: inauliza seva za bekapu, ziwe za NetBackup, Commvault, Veeam au nyingine, kazi gani zimekwisha, zilichukua muda gani, zilinakili kiasi gani na zilitoa makosa gani. Majibu inayaandika kwenye hifadhidata, mara nyingi PostgreSQL, SQL Server au Oracle. Asubuhi inaripoti: inaiuliza hifadhidata hiyohiyo maswali na kupanga majibu. Kwa lugha nyingine, mashine pepe ya ripoti za bekapu ni mashine ya hifadhidata, hata kama hakuna aliyewahi kuiita hivyo wala kuipa heshima ya hifadhidata.

Tupige hesabu. Chukua mazingira ya seva 400, kila moja ikiwa na kazi 4 za bekapu kwa siku. Hizo ni kazi 1,600 kwa siku, na 584,000 kwa mwaka mzima. Tuseme kila kazi inachukua baiti 500 kwenye jedwali. Mwaka mzima unakuwa takriban MB 292. Weka faharasa (orodha za kutafutia haraka) na majedwali ya makosa juu yake, bado ni kitu kidogo kwa hifadhidata yoyote ya leo. Prosesa ya kawaida inapita mistari nusu milioni na kuijumlisha kwa muda mfupi sana.

Dakika arobaini zinatoka wapi basi? Hifadhidata haisomi mstari mmoja mmoja. Inasoma kurasa, na kwa PostgreSQL na SQL Server ukurasa ni KB 8. Ripoti ya mwaka inayofuata faharasa na kurukaruka huku na huku kwenye majedwali inaweza kuhitaji kurasa 100,000, yaani karibu MB 800. Kama kurasa hizo zimo tayari kwenye memori, kuzipata ni suala la sekunde chache hata ukijumlisha na hesabu yenyewe. Kama hazimo, na kila moja inasomwa kutoka diski inayojibu kwa milisekunde 5, ni sekunde 500, zaidi kidogo ya dakika 8. Diski hiyohiyo ikielemewa na kujibu kwa milisekunde 20, ni sekunde 2,000: dakika 33 na ushei. Diski nzuri ya SSD inayojibu kwa nusu milisekunde inaleta sekunde 50.

Kutoka sekunde 50 hadi dakika 33, swali ni lilelile, data ni ileile, na prosesa haijatajwa hata mara moja. Katika muda wote huo, grafu ya prosesa ndani ya mashine itaonyesha utulivu mkubwa, kwa sababu kusubiri diski hakuhesabiwi kuwa kazi.

Endesha ripoti moja mara tatu kabla ya kugusa chochote

Kuna kipimo kisichohitaji zana yoyote. Chagua ripoti moja nzito, ile inayolalamikiwa. Saa nane mchana, wakati bekapu zimetulia, washa upya mashine pepe ili kache zote (data iliyowekwa memorini ili isisomwe tena diskini) ziwe tupu, ile ya hifadhidata na ile ya mfumo endeshi, kisha endesha ripoti na uandike muda. Iendeshe tena papo hapo na uandike muda wa pili. Kesho yake alfajiri, katikati ya pilikapilika za bekapu, iendeshe mara ya tatu.

Mbio ya pili ikiwa ya haraka sana kuliko ya kwanza, tatizo liko kwenye diski na memori: data ilipokuwa tayari memorini, kila kitu kilikwenda vizuri. Ya kwanza na ya pili zikikaribiana na zote ni za polepole, kusoma diski si kikwazo kikuu. Tazama prosesa, au swali lenyewe la hifadhidata. Ya tatu ikiwa mbaya kuliko zote, una majirani wanaogombania rasilimali saa ileile unayozihitaji, na hakuna mpangilio wa ndani ya mashine utakaokuponya na hilo.

Watu hulikwepa jaribio hili kwa sababu linaonekana la kitoto. Binafsi nalithamini kuliko grafu nyingi, kwa kuwa linapima kile kinachomuumiza msomaji wa ripoti, yaani muda wake, badala ya kupima dalili za pembeni.

Memori: tabaka tatu zisizojuana

Memori ndiyo sehemu yenye faida kubwa zaidi, na ndiyo yenye mitego mingi zaidi. Haipavaiza, programu inayoendesha mashine pepe kwenye seva mwenyeji, inaipa mashine memori. Mfumo endeshi unaigawa. Hifadhidata na programu ya Java inayotengeneza kurasa za ripoti zinachukua mafungu yao. Kila tabaka linaamua lake bila kujua yaliyoamuliwa na mengine.

Anza na hifadhidata, maana mipangilio yake ya kiwandani imepinda pande mbili tofauti. PostgreSQL huja na `shared_buffers` ya MB 128. MySQL nayo, kwa `innodb_buffer_pool_size`, huja na MB 128 vilevile. Ukiongeza memori ya mashine kutoka GB 16 hadi 32 bila kugusa namba hizo, hifadhidata yenyewe haitajua kuna kilichoongezeka. PostgreSQL itafaidika kidogo kupitia kache ya mfumo endeshi, lakini si kwa kiasi ulichotarajia. Kwa PostgreSQL, mahali pazuri pa kuanzia ni robo ya memori ya mashine. Ongeza pia `work_mem`, ambayo huja na MB 4 tu: ripoti zinazopanga na kujumlisha mistari mingi zikikosa nafasi hapo humwaga kazi yao kwenye mafaili ya muda diskini, na tunarudi palepale. Iongeze kwa uangalifu, kwa kuwa kiasi hicho huruhusiwa kwa kila hatua ya kupanga, ndani ya kila swali, kwa kila mtumiaji.

SQL Server imepinda upande wa pili. Kikomo chake cha juu cha memori huja na namba 2147483647 kwa megabaiti, yaani hakina kikomo. Itachukua kila inachokipata, na programu ya Java iliyo kwenye mashine hiyohiyo itabanwa hadi mfumo endeshi uanze kuhamishia kurasa diskini. Java ikifika hapo inaumia kuliko programu nyingine, kwa sababu kisafisha takataka chake, kinachoondoa data isiyotumika tena, hupitia sehemu kubwa ya hipu (fungu la memori la Java) mara kwa mara, na kila sehemu iliyohamishiwa diskini lazima irudishwe kwanza. Programu iliyokuwa ikijibu kwa sekunde mbili inaweza kuganda kwa dakika nzima.

Kwa hiyo gawa memori kwa mkono. Kwenye mashine ya GB 16 yenye hifadhidata na programu pamoja, mgao wa GB 8 kwa hifadhidata (kwa PostgreSQL, ile robo ya `shared_buffers` imo ndani yake), 4 kwa Java na 4 kwa mfumo endeshi ni mwanzo mzuri. Kwa Java, fanya `-Xms` na `-Xmx` (ukubwa wa hipu wa mwanzo na wa juu) zilingane ili hipu isipanuke na kusinyaa wakati wa kazi. Usiitanue bila sababu pia: ikipita takriban GB 32, Java huacha kutumia anwani fupi, kila rejeleo linanenepa, na sehemu ya ulichoongeza inaliwa na unene huo.

Sasa shuka chini ya mashine. Hapa kuna mtego mmoja ambao naona unastahili kutajwa kwa sauti, kwa sababu hauonekani kabisa ukiwa ndani ya mashine. Kwenye vSphere, mfumo wa mashine pepe wa VMware, kila mashine pepe ina mambo matatu: kiasi cha memori, kiasi iliyotengewa, na kikomo. Kikomo kikiwa kimewekwa, mara nyingi kwa kurithiwa kutoka kwenye kiolezo cha zamani, kinabaki palepale hata unapoongeza memori. Mashine inaambiwa ina GB 16. Kikomo kinasema 8. Mfumo endeshi unaamini una 16, hifadhidata inapangiwa 8 na Java 4, na kila kinachovuka GB 8 halisi kinanyang'anywa na puto (nitalieleza punde) au kuhamishiwa diskini na haipavaiza, hata kama seva mwenyeji ina mamia ya gigabaiti zilizolala bure. Fungua mipangilio ya mashine, tazama mstari wa kikomo wa memori na wa prosesa, na uhakikishe havina kikomo. Ni kazi ya sekunde thelathini.

Puto lenyewe linahitaji neno. Ni draiva ndani ya mashine pepe inayojitanua pale seva mwenyeji inapoishiwa, ikidai kurasa kutoka kwenye mfumo endeshi ili zirudishwe kwa mwenyeji. Kwa mashine nyingi ni njia ya kistaarabu. Kwa hifadhidata, kurasa zinazodaiwa ni zilezile za kache ulizotumia fedha kuzipata. Kwenye `esxtop`, zana ya vipimo ya ESXi (haipavaiza ya vSphere), ukibonyeza m, safu ya MCTLSZ inaonyesha puto limetanuka kwa megabaiti ngapi, na SWCUR inaonyesha kiasi ambacho haipavaiza imekihamishia diskini. Kwa mashine ya ripoti zote mbili zinatakiwa kuwa sifuri alfajiri, na si mchana pekee. Zisipokuwa sifuri, itengee mashine memori yake yote. Kwenye Hyper-V, haipavaiza ya Microsoft, hatua inayofanana na hiyo ni kuzima memori inayobadilikabadilika na kuipa mashine kiasi kisichobadilika.

Diski: muda wa kujibu kwanza, foleni baadaye

Ikiwa memori imepangwa vizuri, sehemu kubwa ya usomaji itatoka kwenye kache na diski itapumua. Bado kuna kuandika, na kuandika hakukwepeki.

Wakati wa kukusanya, kila muamala ukithibitishwa hifadhidata inasubiri hadi kumbukumbu yake ya miamala iandikwe kwa usalama diskini. Diski inayojibu kwa milisekunde 5 inaruhusu uthibitisho 200 kwa sekunde kwenye muunganisho mmoja, na hakuna prosesa itakayoongeza idadi hiyo. Zile kazi 1,600 za usiku mmoja zikiwa na mistari 50 ya maelezo kila moja, ni mistari 80,000. Programu ikithibitisha mstari mmoja mmoja, ni sekunde 400 za kusubiri tu. Kama programu yako ina mpangilio wa kuandika kwa mafungu, uwashe. Kama haina, weka kumbukumbu ya miamala kwenye diski pepe yake yenyewe, juu ya hifadhi ya kasi kuliko zote ulizonazo. Faili hilo ni dogo, kwa hiyo nafasi hiyo ya gharama haitakuwa kubwa.

Kisha tazama kidhibiti cha diski pepe. Mashine nyingi zilizoundwa kwa haraka hutumia LSI Logic SAS, ambayo foleni yake kwa kila diski ni ya maombi 32. PVSCSI ya VMware huanza na 64 kwa kila diski na hutumia prosesa kidogo kwa kila ombi. Mashine moja inaweza kuwa na vidhibiti vinne vya SCSI, kwa hiyo mfumo endeshi, data na kumbukumbu ya miamala vinaweza kupewa kila kimoja njia yake. Kwenye KVM, haipavaiza ya Linux, chaguo linalolingana na hilo ni diski za virtio badala ya diski za kuigiza za IDE au SATA.

Lakini usitarajie miujiza kutoka kwenye foleni ndefu. Swali moja la ripoti linalosoma ukurasa, likasubiri, likasoma mwingine, lina ombi moja tu kwenye foleni kwa wakati mmoja. Kwake foleni ya 32 na ya 254 ni sawasawa; kinacholihusu ni muda wa kujibu. Foleni ndefu inasaidia pale ripoti kumi zinapoendeshwa kwa pamoja, au ukusanyaji unapogongana na ripoti. Ushauri mwingi unaozunguka hautenganishi mambo haya mawili, na watu hubadilisha kidhibiti, wakaona hakuna tofauti, wakakata tamaa na mipangilio yote.

`esxtop` inatenganisha kwa uzuri. DAVG ni muda unaotumiwa na hifadhi yenyewe, KAVG ni muda ambao ombi linakaa ndani ya haipavaiza, na GAVG ni jumla ambayo mashine inaihisi. DAVG ikiwa milisekunde 20, hifadhi imeelemewa na hakuna mpangilio wa mashine utakaoipunguzia. KAVG ikipita milisekunde 2 mara kwa mara, maombi yanapanga foleni kwa mwenyeji, na hapo ndipo mipangilio ya foleni inapopata maana.

Mjadala wa diski inayokua taratibu dhidi ya ile iliyotengwa yote mapema naupitia haraka, kwa kuwa umepewa uzito usiostahili. Tofauti hutokea kwenye kuandika mahali papya kwa mara ya kwanza. Ripoti zinasoma. Ukiunda mashine mpya, chagua iliyotengwa na kusafishwa mapema; kama ipo tayari na imejaa data, usijisumbue kuibadilisha.

Snapshoti, yaani picha ya hali ya mashine kwa wakati fulani, ni suala zito zaidi. Mashine ikiwa na snapshoti, maandishi mapya huenda kwenye faili la tofauti, na kila usomaji unalazimika kujua ukurasa uko kwenye faili lipi. VMware inashauri snapshoti moja isikae zaidi ya saa 72, na mnyororo usizidi mbili au tatu. Mashine ya ripoti inastahili kukaguliwa hapo kuliko nyingi, kwa sababu yenyewe pia inachukuliwa bekapu kwa snapshoti, na bekapu iliyokatika katikati huweza kuacha snapshoti nyuma bila mtu kujua. Tazama orodha ya mafaili ya mashine kwenye hifadhi. Mafaili yenye namba kama 000001 mwishoni wakati meneja wa snapshoti anaonyesha hakuna kitu yanamaanisha mashine inahitaji kuunganishiwa diski zake.

Prosesa: pale ambapo kuongeza kunapunguza

Prosesa pepe si kiini halisi cha prosesa ya seva mwenyeji. Ni ombi la kupewa kiini halisi kwa zamu. Mashine yenye prosesa pepe 8 inahitaji prosesa hizo zisiachane sana katika maendeleo yao, kwa kuwa mfumo endeshi ndani yake unaamini zote ziko hai. Ni kama watu wanane wanaosafiri pamoja wakitafuta viti kwenye basi lililokaribia kujaa: hata kama si lazima wote wapande gari moja, wa mbele hawatafika mbali kabla ya kuwasubiri wa nyuma, wakati msafiri mmoja angejipenyeza kwenye kiti cha kwanza. ESXi hulegeza sharti hili kadiri inavyoweza, lakini hailiondoi. Safu ya %CSTP kwenye `esxtop` inapima hasa muda ambao prosesa pepe imesimamishwa ili wenzake waifikie.

Programu ya ripoti hutumia wangapi kati ya hao wanane? Ripoti moja, kwa kawaida, swali moja kwenye kiini kimoja, labda viwili vitatu hifadhidata ikiamua kugawa kazi. Wanaobaki hawafanyi kitu, lakini wanahesabiwa kwenye kupangiwa zamu. Ndiyo maana mashine iliyopunguzwa kutoka 8 hadi 4 wakati mwingine huongeza kasi kwenye seva mwenyeji iliyojaa.

Kipimo cha kutazama ni muda wa kuwa tayari, ambapo prosesa pepe ina kazi lakini haijapata kiini. Kwenye grafu za vCenter, programu ya kusimamia vSphere, huandikwa kwa milisekunde, na hapo watu wengi hupotea. Grafu ya wakati halisi hujumlisha kila sekunde 20, yaani milisekunde 20,000. Ukisoma 4,000 kwa mashine nzima yenye prosesa pepe 4, gawa 4,000 kwa 20,000 upate asilimia 20, kisha gawa kwa 4: asilimia 5 kwa kila prosesa. Hapo ndipo mpaka wa kuanza kuhangaika unapowekwa na wengi. Ukihamia grafu ya siku iliyopita, kipindi ni sekunde 300, kwa hiyo unagawa kwa 300,000. Namba 4,000 kwenye grafu hiyo, kwa mashine ileile, ni chini ya asilimia moja. Namba moja, habari mbili zilizo mbali kabisa. Kwenye KVM, mashine ya Linux yenyewe inakuonyesha kitu cha aina hiyo kwenye safu ya st ya `vmstat`.

Anza na prosesa pepe 4. Ongeza tu kama zote zinatumika kweli wakati wa ripoti na muda wa kuwa tayari uko chini. Hakikisha pia mashine inaenea ndani ya soketi moja (chipu moja ya prosesa) ya seva mwenyeji kwa viini na kwa memori, kwa sababu memori ya soketi ya jirani hufikiwa polepole zaidi. Kwa mashine ya prosesa 4 na GB 16 hilo hujitokeza lenyewe.

Mpangilio wa nishati, nao, uko kwenye seva mwenyeji. Kubadilisha mpango wa nishati ndani ya Windows ya mashine pepe hakuongezi kasi ya kiini halisi. Badilisha kwenye BIOS ya mwenyeji au kwenye haipavaiza, uchague utendaji wa juu. Swali moja la hifadhidata linalotegemea kiini kimoja linafaidika na hilo kuliko kazi nyingi nyingine.

Kuhusu mtandao sina mengi. Tumia kadi pepe ya mtandao ya VMXNET3 badala ya E1000, au virtio kwenye KVM, kisha endelea na mengine. Data ya ukusanyaji ni ndogo. Ikiwa seva ya bekapu iko mbali na kila ombi linasafiri safari ndefu, weka wakala wa kukusanya karibu na seva hiyo, usihangaike na kadi pepe.

Majirani wa alfajiri

Mbio yako ya tatu ikiwa mbaya kuliko zote, fikiria nani anafanya kazi saa hiyo. Ni bekapu yenyewe. Mashine pepe zinazobeba mzigo wa bekapu, zile zinazosoma, kubana na kusafirisha data, huteketeza prosesa na diski saa zilezile ambazo programu ya ripoti inakusanya na kujibu. Zikiwa kwenye seva mwenyeji moja, mshindi anajulikana. Weka sheria ya kuzitenganisha, ili mashine ya ripoti isikae kamwe pamoja na wabebaji wa bekapu.

Hifadhi ni hivyohivyo. Kuna kishawishi cha kuweka mashine ya ripoti kwenye hifadhi kubwa inayopokea bekapu, kwa kuwa nafasi iko tele na mada ni moja. Hifadhi hizo, hasa zinazoondoa marudio ya data, zimeundwa kumeza mikondo mirefu mfululizo. Usomaji wa kurukaruka wa KB 8 ndicho kitu zinachokifanya vibaya kuliko vyote. Zaidi ya hapo, siku hifadhi hiyo ikianguka ndiyo siku utakayohitaji ripoti ikuambie nini kilikuwa ndani yake.

Bekapu ya mashine ya ripoti yenyewe nayo ipangie saa yake, mbali na ukusanyaji. Wakati wa kuunda na hasa kuunganisha snapshoti mashine hugandishwa kwa muda mfupi, na hifadhidata inayoandika sana hurefusha muda huo. Adhuhuri, ambapo haiandiki karibu chochote, inafaa.

Kutengea memori kuna bei ambayo ni haki anayeisimamia klasta (kundi la seva mwenyeji) aijue mapema. Kiasi kilichotengwa huhesabiwa pale vSphere inapopanga nani atawashwa upya seva mwenyeji mmoja akifa. Ukitenga GB 16 hapa na GB 64 kule, klasta inaweza kukataa kuwasha mashine nyingine kwa madai kwamba nafasi ya dharura imekwisha. Kwa mashine ya ripoti naona gharama hiyo inakubalika, lakini uliza kwanza, na utenge kiasi ambacho hifadhidata na Java vinakitumia kweli. Baada ya hapo rudia zile mbio tatu, kwa ripoti ileile na saa zilezile, ukibadilisha mpangilio mmoja kila mara. Mbio ya pili ikibaki ya polepole wakati puto ni sifuri na muda wa kuwa tayari uko chini, mashine pepe imekwisha toa inachoweza. Kinachofuata ni `ANALYZE` (amri ya kusasisha takwimu ambazo hifadhidata inazitumia kupanga maswali), faharasa zinazokosekana, na data ya miaka mitano iliyopita ambayo hakuna anayeisoma lakini kila ripoti inapita juu yake.